Fatou Bensouda, Mwendesha Mashtaka Aliyewasikiliza Akina Mama

Wengi wetu tukisikia neno "mwendesha mashtaka" tunamkumbuka yule inspekta wa polisi tuliyemzoea miaka ya nyuma katika mahakama ya wilaya. Ameshika jalada, anasoma mashtaka haraka haraka, kisha anaomba kesi iahirishwe kwa sababu upelelezi haujakamilika. Si mtu ambaye mama humfikiria anapomwombea binti yake kazi njema. Tunataja udaktari, ualimu, unesi na kazi ya benki. Lakini akina mama wenzetu, ukitaka kujua kama mwanamke aliyedhulumiwa atapata haki yake, usianze kwa kumtazama hakimu. Mtazame aliyeandika hati ya mashtaka. Hakimu hawezi kutoa hukumu juu ya kosa ambalo halijafikishwa mbele yake.

Ndiyo maana mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya Fatou Bensouda wa Gambia. Mama huyu alianza kazi kama mwendesha mashtaka wa kawaida katika nchi ndogo ya Afrika Magharibi, akafika kuwa Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, Uholanzi. Ni mke na mama kama sisi, na njia yake ilipita hapa kwetu Arusha. Wapo watakaouliza kwa nini ukurasa wa akina mama wa Kikristo umwandike mama Mwislamu. Jibu letu ni fupi: aliyebakwa haulizwi dhehebu lake anapofika mapokezi, na mama huyu naye hakuwauliza.

Gambia ni nchi nyembamba iliyolala kandokando ya mto, na Senegal imeizunguka pande zote isipokuwa baharini. Fatou alizaliwa mji mkuu wa Banjul, ambao siku hizo uliitwa Bathurst, tarehe 31 Januari 1961. Baba yake alikuwa na wake zaidi ya mmoja na nyumba ilijaa watoto. Amesimulia mwenyewe kwamba akiwa msichana wa shule alikuwa akichepuka kwenda mahakamani kusikiliza kesi, na kwamba kilichomgusa ni kuona wanawake waliodhulumiwa wakiondoka bila msaada. Wenye mabinti wadadisi, wanaopenda kusimama mlangoni kusikiliza maneno ya wakubwa, labda tusiwafukuze upesi mno.

Alisoma sheria Nigeria, katika Chuo Kikuu cha Ife, akamaliza mwaka 1986. Mwaka uliofuata alipata sifa ya uwakili, akarudi nyumbani kuanza kazi ya kuendesha mashtaka ya serikali. Baadaye alikwenda kisiwa cha Malta kusomea sheria za bahari kwa shahada ya pili, akawa Mgambia wa kwanza kubobea katika fani hiyo. Unaweza kujiuliza sheria za meli na samaki zinamhusu nini mtetezi wa wanawake. Hazimhusu sana, lakini nchi yake ni mto na bahari, na mtumishi wa serikali husomea kile ambacho nchi yake inakihitaji.

Mwaka 1994 alikuwa naibu wa Mkurugenzi wa Mashtaka, na mwaka 1998 akawa Mwanasheria Mkuu na Waziri wa Sheria. Hapa tuseme kweli yote, maana makala ya kusifu tu haimjengi msomaji. Serikali aliyoitumikia ilikuwa ya Yahya Jammeh, mwanajeshi aliyetwaa madaraka kwa mapinduzi ya Julai 1994. Baada ya Jammeh kuondoka mwaka 2017, Wagambia waliunda tume ya ukweli na maridhiano. Tume hiyo ilianza kusikiliza mashahidi Januari 2019, na yaliyosemwa mbele yake juu ya utawala huo, mauaji, mateso na ubakaji, yalitisha. Kwa hiyo watu wa nchi yake wameuliza, na wana haki ya kuuliza, wasomi waliokaa ofisini siku zile waliona nini na walisema nini. Sisi hatuna mizani ya kumpimia. Tunajua tu kwamba Jammeh alimwondoa katika uwaziri mwaka 2000, akaenda kufanya kazi ya benki, na kwamba mwaka 2002 alipanda ndege kuja Arusha kuanza chini tena, akiwa mwanasheria miongoni mwa wanasheria wengine. Mwanamke wa miaka 41 aliyekwisha kuwa waziri, kuanza tena hivyo si jambo jepesi.

Akina mama wa Arusha watakumbuka magari meupe ya Umoja wa Mataifa na ulinzi mkali pale kwenye jengo la mikutano la AICC. Hapo ndipo ilipokaa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994. Wengi wetu tuliijua kama mahali pa ajira ya madereva na wakalimani, tukapita zetu kwenda sokoni. Tusichokijua ni kwamba ndani ya jengo lile lilikuwa limetokea jambo ambalo lilimhusu kila mwanamke duniani.

Mshtakiwa aliitwa Jean-Paul Akayesu. Alikuwa mwalimu, kisha meya wa wilaya ndogo ya Taba. Kesi yake ilipoanza Januari 1997, hati ya mashtaka ilikuwa na mauaji ya kimbari na mateso, lakini ndani yake hapakuwa na neno moja juu ya kubakwa kwa wanawake. Ndipo mama mmoja, ambaye mahakamani alijulikana kwa herufi J tu ili asitambulike, akaitwa kueleza mauaji aliyoyaona. Katika maelezo yake akasema kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa na wanaume watatu waliokuja kumwua babu wa mtoto huyo. Miongoni mwa majaji watatu mmoja alikuwa mwanamke, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, na hawakuliacha neno lile lipite. Baadaye shahidi mwingine naye akaeleza ubakaji uliofanyika karibu na ofisi ya meya, mahali ambapo wanawake walikimbilia wakidhani serikali itawaokoa. Kesi ikasimama kwa muda, wapelelezi wakarudi Taba, na Juni 1997 hati ya mashtaka ikaongezwa.

Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ile ikamtia Akayesu hatiani. Kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikasema kwamba kubaka wanawake kwa nia ya kuangamiza kabila lao ni mauaji ya kimbari, si "mambo ya vita" wala tamaa za askari wachache. Neno hilo lilitamkwa Arusha. Mwaka ule ule, Bunge letu nalo lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyoweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mtu mzima anayebaka.

Fatou Bensouda hakuwapo katika kesi ya Akayesu. Alikuja miaka minne baadaye, akafanya kazi ya kushauri juu ya sheria na kusimama mahakamani, hadi akawa mkuu wa kitengo cha ushauri wa sheria cha upande wa mashtaka. Lakini nyumba aliyoingia ilikuwa tayari imekwisha kufundishwa na akina mama wa Taba. Na miaka hiyo hiyo, katika jengo lilelile, kesi ya Pauline Nyiramasuhuko ilikuwa ikiendelea. Huyu ndiye anayetuumiza zaidi. Alikuwa Waziri wa Familia na Maendeleo ya Wanawake wa Rwanda, mama mzazi, na mwanawe alishtakiwa pamoja naye. Mwaka 2011 alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, na pia kwa ubakaji kama uhalifu dhidi ya ubinadamu, kwa sababu waliofanya walikuwa chini ya mamlaka yake na hakuwazuia. Rufaa ya mwaka 2015 ilimpunguzia kifungo kutoka maisha hadi miaka 47. Tunapokaa katika vikundi vyetu tukasema "mwanamke akishika madaraka mambo yatakuwa mazuri," tumkumbuke na huyu.

Turudi kidogo kwenye jambo la kuuliza, maana hapa sisi tulio wauguzi tunaona kitu ambacho wanasheria walichelewa kukiona. Mwanamke aliyebakwa mara nyingi haji akasema, "Nimebakwa." Anakuja anasema tumbo linamuuma chini ya kitovu. Anasema ameteleza kisimani. Analeta mtoto wake wa kike, anasema ana homa, huku mtoto anakojoa kwa kulia. Ukimwandikia dawa ya homa atashukuru na kuondoka. Ni mpaka umfungie pazia, ukae chini, ushushe sauti, umwulize kwa upole, na kisha unyamaze muda wa kutosha. Wakati mwingine hata hapo hasemi, anarudi wiki inayofuata. Kama kesi ya Taba ilivyoonyesha, mama anaweza kuwa na neno zito moyoni, akaitwa na serikali za dunia nzima kutoa ushahidi, na bado neno hilo lisiwemo katika karatasi za kesi.

Na akishasema, ushahidi wake uko mikononi mwa watu wa kawaida. Hapa kwetu kuna ile fomu ya polisi, PF3, inayojazwa na mganga. Mstari mmoja ulioandikwa ovyo unaweza kumwachia huru mtu mwovu miezi sita baadaye. Kwa hiyo mama, ikitokea jirani au binti amepatwa na jambo hili, asioge kwanza, na nguo alizovaa zisifuliwe, bali zifungwe katika karatasi, si katika mfuko wa nailoni. Apelekwe hospitali mara moja, kwani dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinasaidia zikianzwa mapema, kabla ya saa 72 kupita. Haya si mambo ya kusubiri kikao cha ukoo.

Septemba 2004 Fatou Bensouda alichaguliwa kuwa Naibu Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, akahamia The Hague. Mkuu wake alikuwa Luis Moreno Ocampo wa Argentina. Kesi ya kwanza ya mahakama hiyo ilimhusu Thomas Lubanga wa Ituri, Kongo, aliyewatumia watoto wa chini ya miaka 15 kama askari. Bensouda alikuwa miongoni mwa walioiendesha. Machi 2012 Lubanga alitiwa hatiani, akapata miaka 14. Ilikuwa ushindi, lakini wanawake wengi walisikitika. Mashahidi walieleza waziwazi yale waliyofanyiwa wasichana katika kambi zile, na bado ubakaji haukuwamo katika hati ya mashtaka. Miaka 15 baada ya Taba, kosa la Arusha lilikuwa limerudiwa Ulaya.

Juni 2012 aliapishwa kuwa Mwendesha Mashtaka Mkuu, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho. Mwaka 2014 ofisi yake ilitoa mwongozo rasmi juu ya makosa ya ubakaji na ukatili mwingine wa kijinsia. Kwa lugha yetu ya kawaida mwongozo ule ulisema hivi: tangu siku ya kwanza ya upelelezi, swali hili liulizwe, na waulizaji wafundishwe namna ya kuuliza bila kumwumiza shahidi mara ya pili. Mwongozo ni karatasi tu, wauguzi tunajua. Kabati za hospitali zimejaa miongozo ambayo haifunguliwi. Inabidi tutazame kama kesi zilibadilika.

Mwanzoni mambo yalikuwa magumu. Mwaka 2014 Germain Katanga, Mkongo, alitiwa hatiani kwa makosa mengine lakini akaachiwa kwa yale ya ubakaji. Mwaka 2016 Jean-Pierre Bemba, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Kongo, alitiwa hatiani kwa ubakaji na mauaji yaliyofanywa na askari wake katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, na wanawake wa kule wakafurahi. Juni 2018 mahakama ya rufaa ikafuta hukumu hiyo, akatoka. Fikiria mama aliyesafiri kutoka Bangui kwenda kusema aibu yake mbele ya watu wa mataifa, kisha akasikia kwenye redio kwamba kesi imekwisha na hakuna aliyetiwa hatiani kwa yale aliyoyaeleza.

Kisha kuna Kenya. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Siku ya mwaka mpya wa 2008 akina mama na watoto waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo humo. Bensouda alizirithi kesi hizi. Washtakiwa wakuu, Uhuru Kenyatta na William Ruto, walikana mashtaka, kisha Machi 2013 wakachaguliwa kuongoza nchi. Upande wa mashtaka ulilalamika kwamba mashahidi walitishwa na wengine kuhongwa, na kwamba serikali haikutoa nyaraka zilizoombwa. Desemba 2014 Bensouda aliondoa mashtaka dhidi ya Kenyatta, na Aprili 2016 majaji wakaifunga kesi ya Ruto kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Sheria inawahesabu wote kuwa hawana hatia, nasi hatuna la kuongeza. Ila wapo waliosema kesi zilianza kudhoofika kabla hata hajashika usukani, na wapo waliosema ofisi yake ilikwenda mahakamani bila kujiandaa vya kutosha. Huenda yote ni kweli. Ambao hawakupata jibu kutoka upande wowote ni wale wa Kiambaa, na wanawake wa Naivasha na Nakuru waliobakwa siku zile.

Wakati huo huo sauti nyingi barani kwetu zilisema mahakama ile inawawinda Waafrika tu, na kwamba dada yetu amekubali kutumiwa na Wazungu. Hata katika mikusanyiko yetu tumeyasikia maneno hayo. Yeye alikuwa akijibu kwamba walioumizwa nao ni Waafrika. Tena ni serikali za Uganda, Kongo, Afrika ya Kati na Mali zilizoipelekea mahakama hiyo mashauri yao zenyewe. Tunadhani jibu lake lilikuwa na nguvu, ingawa halikumaliza hoja, kwa maana ni kweli kwamba wakubwa wa dunia walikaa salama. Alipojaribu kuwagusa ndipo ilipoonekana. Aliomba ruhusa ya kuchunguza makosa ya vita vya Afghanistan, yakiwemo yanayodaiwa kufanywa na Wamarekani. Mwaka 2019 Marekani ikafuta viza yake, na Septemba 2020 ikamwekea vikwazo, jina lake likawa katika orodha kama ya magaidi, ikawa hatari kwa benki kumhudumia. Vikwazo hivyo viliondolewa Aprili 2021. Uchunguzi hakuuacha.

Sasa tuje kwenye kesi mbili ambazo kwa maoni yetu ndizo zilizoonyesha kwamba swali lilikuwa limeanza kuulizwa vizuri.

Ya kwanza ni ya Bosco Ntaganda, kamanda wa Ituri katika kundi lile lile la Lubanga. Mwaka 2013 alijisalimisha mwenyewe katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali. Safari hii ofisi ya Bensouda iliandika ubakaji na utumwa wa ngono, na haikuishia kwa wanawake wa upande wa adui. Iliandika pia wasichana wadogo waliokuwa ndani ya jeshi lake mwenyewe, waliobebeshwa bunduki mchana na kuchukuliwa na makamanda usiku. Mawakili wake walibisha kwamba askari hawezi kumtendea askari mwenzake kosa la kivita. Majaji walikataa hoja hiyo, na rufaa ya mwaka 2017 ikakataa pia. Mwaka 2019 Ntaganda alihukumiwa miaka 30. Kile kilichoachwa katika kesi ya Lubanga kilipatikana humu.

Ya pili ni ya Dominic Ongwen wa Uganda ya kaskazini, na hii hatujui mama anayeweza kuisikia bila kugawanyika moyo. Ongwen alitekwa na waasi wa Joseph Kony akiwa mtoto wa miaka kama tisa, njiani kwenda shule. Porini akafundishwa kuua, akakua, akapanda cheo, akawa kamanda. Vikosi vyake vilishambulia kambi za wakimbizi za Pajule, Odek, Lukodi na Abok. Wasichana waliotekwa waligawiwa kwa makamanda, naye akachukua wake, wengine wakiwa watoto bado. Mwaka 2015 alijitoa, akapelekwa The Hague.

Huyu ni mtoto aliyeibiwa, au ni mwovu? Upande wa mashtaka haukukana kwamba aliibiwa. Ulisema kuwa aliyeumizwa hapati kwa hilo ruhusa ya kuumiza. Majaji nao walimtia hatiani Februari 2021 kwa makosa 61, na walipopanga kifungo walikumbuka utoto wake, wakampa miaka 25 badala ya maisha. Tumeijadili hukumu hiyo baada ya mazoezi ya kwaya na hatukukubaliana. Wenye watoto wa kiume wadogo waliona ni kali. Wenye mabinti waliona ni laini.

Lakini tazama kazi iliyofanyika nyuma ya hukumu. Wanawake saba waliokuwa wamefanywa wake za Ongwen walitoa ushahidi mapema, mwaka 2015, kabla kesi yenyewe haijaanza, mbele ya jaji na kwa njia ya video. Ofisi ya Bensouda iliomba hivyo kwa hofu kwamba wakingoja watabembelezwa au kutishwa na ndugu mpaka wanyamaze. Somo la Kenya lilikuwa limeeleweka. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha baba wa watoto wao ni nani. Na hati ya mashtaka ikalitaja kila jambo kwa jina lake: ubakaji, utumwa wa ngono, ndoa ya kulazimishwa, mimba ya kulazimishwa. Haya mawili ya mwisho hayajawahi kumtia mtu yeyote hatiani katika mahakama hiyo kabla ya siku ile. Fikiria maana yake. Kazi za kupika, kuchota maji, kulala na mtu usiyemchagua, kubeba mimba usiyoweza kuikimbia, mambo ambayo watu wengi wangeyaita "maisha ya ndoa porini", yaliandikwa kama jinai, na wakaitwa wanawake wenyewe kuyaeleza.

Kifungo kilisomwa Mei 2021. Mwezi uliofuata muda wa Bensouda wa miaka tisa ulikwisha, akampisha Karim Khan wa Uingereza. Mwaka 2022 nchi yake ilimteua kuwa Balozi wake London. Rufaa ya Ongwen ilikataliwa Desemba mwaka huo, wakati mama huyu akiwa amekwisha kuondoka katika jengo lile.

Februari 2024 majaji walitoa amri ya fidia. Walikadiria walioumizwa kuwa karibu 50,000, na jumla ya fidia ikawa zaidi ya euro milioni 52. Katika hizo kila mmoja alipangiwa euro 750 kama alama tu, na zilizobaki ni kwa huduma za pamoja kama matibabu na ushauri. Ongwen hana mali, hivyo fedha hizo ilibidi zitafutwe kwa wafadhili. Katika orodha ya walioumizwa mahakama iliwataja pia watoto waliozaliwa porini, wale ambao vijijini walikuwa wakiitwa watoto wa waasi, wakinyimwa ardhi ya ukoo na kutukanwa shuleni. Mahakama ilisema wao nao ni waliodhulumiwa, kwa haki yao wenyewe, na waandikwe hivyo.